Musiseme ordinateri imekufa bila kutuonyesha kenye kiliiua

Hapa Kindu, neno "imekufa" linatoka mbio sana katika kinywa cha watu wenye kutengeneza ordinateri. Herufi tatu zinakataa kuandika: imekufa. Mushale kwenye kioo unaruka-ruka peke yake: imekufa. Mutu analipa feza ya kuformate, na kisha wiki mbili ugonjwa ni ule ule. Anarudi, anaambiwa anunue klavye mupya. Anarudi tena, anaambiwa atafute mashini ingine. Sisi tunasema hivi: mufundi asiombe feza ya kutengeneza kabla hajaonyesha sababu, na wenye mashini wajifunze kuuliza sababu hiyo.

Kuna wenye watasema jambo hili ni la watu wa ofisi, haliangalie wachimbaji. Si kweli. Kode ya mines ya 2002, yenye ilibadilishwa katika 2018, inaomba muchimbaji mudogo awe na karte yake na awe ndani ya koperative. Koperative nayo inaandika: majina, uzito wa kila mufuko, nambari ya etiketi, feza yenye ilitoka. Maandishi hayo mara nyingi yanapita ndani ya ordinateri moja ya zamani, yenye ilisafiri juu ya pikipiki mupaka Kailo, Kalima ao Punia, katika mavumbi na mvua. Kama kifungo cha 0 kinapiga mara mbili, kilo 50 inakuwa kilo 500. Kama hakishiki, kilo 50 inakuwa kilo 5. Siku ya kulipa, nani atabeba kosa hiyo? Tunajua jibu: ni yule mwenye hakuwa mbele ya kioo.

Nyumbani pia, mutoto yenye anamaliza masomo anaandika TFC yake juu ya mashini yenye wazazi walilipa kwa feza yenye ilitoka ndani ya shimo. Kumwambia mama yake "mununue ingine" ni kumwambia baba arudie miezi mingi chini ya udongo.

Tena, mashini hizi si kitu cha wageni tu. Ndani yake, vyombo vidogo-vidogo vinashikamana na ubao kwa bati yenye iliyeyushwa, ile étain. Tangu Ulaya ilipokataza risasi, ile plomb, ndani ya vyombo vingi vya umeme katika 2006, dawa hiyo ya kugandisha ni bati karibu yote. Na karibu nusu ya bati ya dunia nzima inaenda kwa kazi hiyo. Bati inatoka katika kasiterite, yenye wazee wetu walichimba Kalima wakati wa Symétain, kisha wakati wa SOMINKI tangu 1976, na yenye vijana wanachimba mupaka leo. Haifai kitu chenye kilibeba jasho namna hiyo kitupwe juu ya neno moja la haraka.

Muchimbaji mwenye akili hafungui shimo pahali popote. Anachukua muchanga, anauosha ndani ya karai, anaangalia kenye kinabakia chini. Akiona alama ndipo anaita wenzake. Ordinateri pia inapimwa kwanza, na kipimo chake kiko na mustari.

Kipimo cha kwanza hakiombe hata franga moja. Zimisha mashini kabisa, iwashe tena, kisha angalia: je, herufi hazitoki, ao zinatoka zingine? Ukiandika A ukaona Q, ukiandika Z ukaona W, hakuna kitu kilivunjika. Klavye yetu ya Kifaransa imegeuzwa kuwa ya Kiingereza. Bonyeza Alt na Maj pamoja, ao Windows na Espace, itarudi. Kama J, K na L zinaandika 1, 2 na 3, ni Verr Num ndiyo imefunguliwa. Kama pave, ile pahali pa kutelezesha kidole, imelala kabisa, angalia vifungo vya juu vya F: mashini nyingi ziko na kimoja chenye kinazima pave, na mutoto anaweza kukigusa pamoja na Fn bila kujua. Wangapi walilipa feza ya kuformate juu ya kifungo kimoja?

Kipimo cha pili kinaomba klavye ya inje, ile ya USB, hata ya kuazima kwa jirani. Kama ya inje inaandika vizuri na ya ndani inakataa, ugonjwa hauko katika programu mara nyingi. Uko katika klavye yenyewe, ao katika utepe mwembamba wenye unaiunganisha na ubao, na kuformate hakutauponyesha. Kama zote mbili zinakosa namna moja, hapo programu inaweza kuwa na kosa. Mufundi anaweza kuhakikisha zaidi: aingie katika mapango ya mashini mbele Windows haijafunguka. Kama vifungo vinakataa hata kule, asikuambie habari ya virusi.

Hesabu pia vifungo vyenye vinakataa. Chini ya klavye kuna karatasi za plastiki zenye mistari myembamba ya kupitisha umeme, na kila mustari unahudumia vifungo vingi. Kikikataa kifungo kimoja tu, mara nyingi ni uchafu: mavumbi, makombo ya mukate, sukari ya chai. Kikikataa kikundi kwa siku moja, mustari umekatika ao umeliwa na maji. Hapo kweli klavye ibadilishwe. Lakini klavye, si mashini yote.

Kipimo cha tatu: toa sharjeri. Pave inasikia namna kidole cha mutu kinabadilisha umeme mudogo wenye uko katika pave yenyewe. Hapa kwetu wengi wanatumia gurupu ao paneli za jua, tena na sharjeri za bei ya chini. Umeme ukikuja bila waya wa udongo, ile terre, pave inachanganyikiwa, mushale unaruka kama panzi. Ukitoa sharjeri na mushale ukatulia, umeshapata mwizi: ni sharjeri ao moto wenyewe. Jasho pia linafanya hivyo, na Kindu haikose joto. Pangusa mikono, pangusa pave kwa kitambaa kikavu, kisha jaribu tena.

Kipimo cha ine ndicho hatutaki mutu asahau, kwa sababu kinaokoa nyumba. Katika mashini nyingi, bateri inalala chini ya pave. Bateri ikizeeka inaweza kujaa gazi na kuvimba, ikasukuma pave kutoka chini. Pave inakuwa nguvu kubonyeza, ao inajibonyeza yenyewe. Mashini inayumba juu ya meza. Kifuniko hakifunge vizuri. Ukiona hivyo, usitafute programu. Zimisha, toa sharjeri, usiiwashe tena. Usitoboe bateri, usiikandamize irudi, usiiache kwenye kitanda ya watoto. Bateri hiyo inaweza kuwaka moto. Mufundi aitoe kwa uangalifu. Mutu mwenye anaformate mashini yenye bateri imevimba, kisha anairudisha kwa familia, amewarudishia hatari pamoja na deni.

Hatusemi wafundi wote ni waongo. Wengi wanafanya kazi ngumu, vyombo vya kubadilisha vinatoka mbali, na Kindu haina barabara nzuri ya kuvileta. Tena wateja wengi hawapende kulipa macho, wanapenda kulipa mikono tu. Mufundi akipoteza saa mbili kutafuta, kisha akakuta ni Verr Num, wanasema hakufanya kitu. Ndiyo maana wengine wanaona ni vizuri kuformate kila kitu: angalau mteja anaona kazi. Basi turekebishe pande zote mbili. Kupima kuwe na bei yake, ndogo, yenye inajulikana mbele. Na mufundi aandike juu ya karatasi: nilijaribu hivi, nilikuta hivi, dawa ni hii. Mwenye karatasi hiyo anaweza kuvuka muto kutoka Alunguli mupaka Kasuku na kuuliza mufundi mwingine bila kuanza upya.

Kwa koperative tunaomba mambo matatu. Kwanza, mbele ya kununua ordinateri mupya, munue klavye na suri za inje, zikae tayari. Bei yao ni kidogo sana mbele ya bei ya mashini, na kazi haitasimama siku ya kulipa. Pili, nakala ya maandishi iwekwe katika fleshi kila jioni, na kitabu cha karatasi kisiachwe: klavye haiwezi kuzidisha zero juu ya wino. Tatu, uzito usomwe kwa sauti mbele ya muchimbaji kutoka kwenye kioo, si kutoka kwa mizani tu, naye aone kwa macho yake kenye kimeandikwa.

Na kwa ninyi mama na vijana wenye mutasoma haya nyumbani: mukienda kwa mufundi, musiulize kwanza "ni feza ngapi?" Muulize "ni nini imeharibika, na umejuaje?" Mwenye kujua kazi yake hatakasirika. Atageuza mashini, atakuonyesha. Mwenye kukasirika, beba mashini yako chini ya mukono, mushukuru, uende kwa mwingine.