Mficha Maradhi na Usukani wa Lori

Usukani wa lori ni amana. Anayeushika amekabidhiwa roho za watu asiowajua: mtoto anayevuka barabara kwenda skuli, mama aliyepanga matunda yake kando ya njia, na abiria wa gari inayokuja mbele yake. Kwa hiyo hapana serikali inayostahili kulaumiwa inapouliza kama mtu mwenye kifafa anafaa kupewa amana hiyo. Linalotaka kuzingatiwa ni namna swali lenyewe linavyojibiwa, kwani jibu likikosewa, hatari huzidi badala ya kupungua.

Marekani imelijibu kwa njia inayofaa kuchunguzwa. Kanuni za serikali kuu ya nchi hiyo zinamnyima mtu mwenye historia ya kifafa ruhusa ya kuendesha gari kubwa la biashara kutoka jimbo moja hadi jingine. Sababu yake haifichiki. Lori la huko likiwa na shehena huweza kufikia tani 36, na sekunde chache za kupotewa na fahamu zinatosha kuleta msiba. Kwa miaka mingi mlango uliobaki ulikuwa mwembamba mno: mwongozo wa madaktari uliwaruhusu kumfikiria yule tu aliyekaa miaka 10 bila kushikwa na kifafa na bila kutumia dawa. Aliyetulizwa na dawa zake alibaki nje.

Mwaka 2007 jopo la madaktari lilitoa ushauri mpya, na mnamo Januari 2013 idara inayohusika ikatangaza kuwapa msamaha madereva 22. Masharti yake si mepesi. Aliyethibitika kuwa na kifafa sharti awe amekaa miaka 8 bila kushikwa, akiwa anatumia dawa au hatumii. Na kama anatumia, dawa hizo ziwe hazikubadilishwa kwa miaka 2. Aliyewahi kushikwa mara moja tu, pasipo sababu iliyojulikana, hutakiwa kutimiza miaka 4. Msamaha hutolewa kwa miaka 2, na kila mwaka dereva hupimwa, naye daktari anayemtibu huandika taarifa ya hali yake. Akishikwa tena, usukani unamtoka.

Uingereza imeshika njia nyingine. Huko dereva wa lori mwenye kifafa hutakiwa kukaa miaka 10 bila kushikwa na bila dawa yoyote. Wataalamu wake wamekadiria kwamba uwezekano wa dereva wa gari kubwa kushikwa usizidi asilimia 2 kwa mwaka. Hesabu hiyo ni ya busara, lakini sharti la kutotumia dawa lina mtego ndani yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa iwapo watapimwa na kutibiwa ipasavyo. Kumwambia mtu kwamba atapata riziki yake pindi atakapoacha dawa inayomlinda ni kumweka katika majaribu makubwa, yeye pamoja na wote watakaokutana naye njiani.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Barabarani kifo hicho huwaumbua na wengine. Mnamo tarehe 22 Desemba 2014, katika mji wa Glasgow, dereva wa lori la taka alipoteza fahamu, na gari lake likaua watu 6 waliokuwa wakipita. Maradhi yake hayakuwa kifafa. Hata hivyo, uchunguzi wa mahakama ulibainisha kwamba aliwahi kuzimia kabla ya hapo akiwa kazini kwenye basi, na kwamba hakuwaeleza ukweli madaktari, waajiri wala watoa leseni. Kanuni zilikuwapo. Kilichokosekana ni ukweli, na ukweli haupatikani kwa urahisi pale ambapo anayeusema hupoteza mkate wake papo hapo.

Kwa sisi wakaazi wa visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Kisiwa ni kidogo na siri haikai. Kifafa bado kinanong'onwa katika baadhi ya nyumba kuwa ni kazi ya mashetani, na wako wanaoogopa hata kumshika aliyeanguka, wakidhani povu lake huambukiza, ilhali kifafa hakiambukizi. Nchini Marekani jina la mwombaji, jimbo lake na historia ya ugonjwa wake vimekuwa vikichapishwa katika gazeti la serikali, wananchi wapate kutoa maoni. Katika nchi kubwa huenda jambo hilo likavumilika. Hapa petu ingekuwa ni kumtangaza mtu sokoni, na baada ya wa kwanza kutangazwa, hapana wa pili atakayejitokeza. Tuige ukali wa vipimo vyao, tusiige kutangazwa kwa majina.

Rai yetu kwa wahusika ni hii. Wenye dhamana ya leseni wasikubali kulegeza miaka wala vipimo, kwani roho ya mpita njia haina badala. Lakini dereva anayejitokeza mwenyewe apokewe kwa siri na kwa heshima, na mwajiri ampatie kazi nyingine, iwe ghalani au karakana, badala ya kumfukuza. Zaidi ya hayo, Wizara ya Afya ikumbuke kwamba miaka 8 haianzi kuhesabika mahali ambapo dawa hazipatikani. Katika nchi za kipato cha chini, takriban robo tatu ya wenye kifafa hawapati matibabu wanayoyahitaji, ingawa dawa kama phenobarbital ni rahisi mno kwa bei. Sanduku la vidonge katika kituo cha afya cha shamba ni sehemu ya usalama wa barabarani, sawa na askari anayesimama njia panda.

Tukimfanya mgonjwa aogope kusema, hatutakuwa tumeiondoa hatari barabarani. Tutakuwa tumeizima taa yake tu, nayo ingali inatujia kwa kasi ile ile.