Neno "Ngumu" na Shokapu za Mbele

Wapenzi wa lugha, niruhusuni leo niache vina na mizani kwa muda, niwapeleke gereji. Gereji yenyewe ipo hapa Mwankoko, katika Manispaa ya Singida, chini ya mti, wala haina kibao. Hapo ndipo nilipotambua kwamba neno moja lililobebeshwa maana mbili linaweza kumvunja mtu mkono.

Mpwa wangu ni dereva wa bodaboda. Msimu wa alizeti hubeba magunia, na siku nyingine hupakia abiria wawili kwa mtindo ule ulioitwa mshikaki (sitiari ambayo, kwa maoni yangu, inazishinda nyingi tunazozisifu humu). Shokapu za mbele zilikuwa zimelegea. Akishika breki, pua ya pikipiki huinama mpaka chuma kikagonga chuma. Akaenda dukani, akaeleza kwamba anataka shokapu ziwe ngumu. Muuzaji akampa oili nzito ya injini. Ikamiminwa, mpwa wangu akaukandamiza usukani kwa mikono miwili, akaridhika. Kweli zilikuwa ngumu. Siku ya tatu, kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, gurudumu la mbele likaanza kurukaruka badala ya kuifuata ardhi, na penye kona likamponyoka. Alikaa miezi miwili bila kazi, mkono umefungwa, na marejesho ya pikipiki hayakumsubiri.

Nilipomlaumu, alinijibu kwa adabu: "Mjomba, niliomba ngumu, na ngumu nikapewa."

Jibu hilo lilininyima usingizi. Nilikwenda kwa fundi, naye akazifungua shokapu mbele yangu. Ndani ya kila bomba mna springi na mna oili. Springi ndiyo inayobeba uzito. Oili hulazimishwa kupita katika matundu madogo, na kwa kuwa inapita kwa taabu, huizuia springi isishuke na kupanda ovyo. Pua ikizama kwa mzigo, dawa ni springi yenye nguvu zaidi, au, kwa mifuko yetu, kipande cha bomba kinachokatwa na kuwekwa juu ya springi ili ibanwe tangu mwanzo. Ukiongeza uzito wa oili badala yake, shokapu hushuka kwenye shimo la kwanza, na kabla haijarudi shimo la pili limekwisha fika. Huzidi kuzama hivyo hivyo mpaka ikose pa kwenda, na hapo gurudumu huruka.

"Mwalimu," akasema fundi, huku akifuta mikono, "springi inabeba, oili inatuliza. Kijana alihitaji kubeba, akaongeza kutuliza."

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na nakiri kwamba sijapata kuandika sentensi iliyo wazi kuliko hiyo. Mtu huyu hana istilahi ya kitaalamu kwa lolote kati ya mawili hayo. Ana vitenzi viwili tu, navyo vimetosha. Neno "ngumu" linayachanganya yote. Springi ngumu na oili nzito, ukizikandamiza kwa mkono, huonekana jambo moja. Barabarani ni mambo mawili.

Najua atatokea mwenzetu aseme dawa ni kulitupa neno shokapu, maana ni la kuazima, na kusema "kifyonza mshtuko". Mimi nalikataa pendekezo hilo kabla halijaletwa. Kufyonza ni kazi ya sifongo; hakutuambii nani anabeba na nani anatuliza, kwa hiyo kosa la mpwa wangu lingebaki palepale, ila kwa Kiswahili cha kupendeza. Shokapu limekwisha kuwa letu. Hata kina linacho: kikapu, chapuchapu, shokapu. Mwenye tarbia aanze.

Ninachokidai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi. Kazi ya oili tuiite utulizo, na kazi ya springi tuiite ubebaji, kama fundi alivyokwisha kuzitenga, na maneno hayo yaandikwe kwenye chupa na katika vitabu vya mwongozo vinavyouzwa pamoja na pikipiki. BAKITA ilianzishwa mwaka 1967, na mwaka 2015 ikatupa Kamusi Kuu ya Kiswahili. Sipuuzi kazi hiyo. Lakini kila tarehe 7 Julai tunapoiadhimisha lugha hii duniani, hotuba huwa juu ya ukubwa wake, na mara chache huwa juu ya chupa ya oili. Wala asiseme mtu kwamba bara si mahali pa kuzalia maneno. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, jirani zetu hawa, na ngonjera zake zilisomwa na kughanwa shule nzima nzima.

Huko Marekani wenye pikipiki kubwa za starehe, kama Harley-Davidson, hubadilisha springi za mbele ili safari ndefu iwe laini. Sisi sababu yetu ni magunia. Kazi ya chuma ni ileile.

Fundi alimwaga oili ya injini, akatia ya shokapu, namba 10, kiasi kilekile pande zote mbili, kisha akakata vipande viwili vya bomba. Tukafunga uzi wa plastiki kwenye bomba la shokapu, mpwa wangu akapanda, akakaa kama anavyokaa kazini. Uzi ulisukumwa kiasi cha theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Fundi akasema panatosha.

Juma lililopita mpwa wangu alirudi dukani kumnunulia mwenzake wa kijiweni oili. Ananiambia alisema hivi: "Naomba ya kutuliza, si ya injini." Muuzaji alisimama kidogo, kisha akageukia rafu nyingine.