UKURASA WA NYUMBANI: Mchezo Unaofundisha Kutolaumiana

Askari ajua kwamba vita havifunzwi kwa maneno matupu. Ndiyo maana mwaka 1824 jeshi la Prussia lilipokea mchezo wa Luteni von Reisswitz, ambamo maofisa walishindana juu ya ramani bila kumwaga damu. Vyuo vikuu navyo hufundisha kwa michezo, na mmoja wao mama wa nyumbani ataufahamu upesi.

Huitwa Mchezo wa Bia, nao ulizaliwa katika chuo cha MIT, Marekani, yapata mwaka 1960. Hakuna anayekunywa. Wanafunzi wanne huketi kwa safu: muuzaji wa rejareja, wa jumla, msambazaji na mwenye kiwanda. Kila juma la mchezo, kila mmoja humwandikia aliye nyuma yake kreti anazotaka. Kuzungumza ni marufuku, na mzigo huchukua majuma mawili njiani. Kreti inayolala ghalani hutozwa nusu dola kwa juma. Inayokosekana, dola moja.

Wateja huagiza kreti 4 kwa juma. Tangu juma la 5 huagiza 8, wala hawabadilishi tena. Lakini muuzaji akiona ghala linapungua hushikwa na hofu, akaagiza kupita haja. Wa nyuma yake huongeza hofu yake juu ya hofu hiyo, hata kiwanda kikaelemewa. Kwanza maghala hukauka. Kisha mizigo yote huwasili pamoja, yakafurika.

Mchezo ukiisha, wanafunzi hulaumiana. Mhadhiri huwaambia wachore jinsi wateja walivyoagiza, na wengi huchora mawimbi makubwa. Ndipo awafunulie: 4, kisha 8, basi. Mazungumzo hayo ya mwisho ndiyo darasa lenyewe. Bila hayo, mchezo hubaki mchezo.

Nasi tujipime. Sukari inapoadimika, twamwita mwenye duka mlanguzi. Pengine kweli ameficha. Lakini pengine kila nyumba, kwa hofu, imenunua kilo tatu badala ya moja. Basi mama, nunua kwa kadiri ya haja yako. Nawe ndugu polisi unayelinda foleni, chunguza mpango mzima wa ugawaji kabla ya kumkamata mtu, usije ukamfunga asiye na hatia.

Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Na heri kujikwaa mchezoni. Hadi juma lijalo.