Barua ya Wazi kwa Shirika la Ndege: Saa Tisa Zenu na Maziko ya Mama

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumai barua hii itakufikia mapema kuliko shirika lako lilivyonifikisha mimi. Jina la shirika silitaji. Namba ya tiketi yangu mnayo, malalamiko yangu mnayo.

Kutoka Maskati hadi Unguja, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 3,900. Ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa saa tano na ushei. Ninyi mliniuzia safari ya saa tisa, yenye kituo kimoja cha kubadilisha ndege. Mama alikuwa amefariki baada ya magharibi. Nikapanda ndege usiku huohuo, na ndugu zangu, kwa kuziamini saa tisa zenu, wakapanga kuzika adhuhuri.

Ndege ya kwanza ilichelewa kuruka. Ya pili, yenu pia, tuliiona kupitia kioo bado imeegeshwa, lakini mlango umefungwa. Ofisa wenu akasema dakika hamsini za kubadilisha ndege zinatosha kwa kiwango cha uwanja ule. Kiwango hicho kilipimwa kwa miguu ya nani? Pamoja nasi alikuwapo bibi mwenye mkongojo.

Ndege iliyofuata ilikuwa ya usiku. Mkanipa kuponi ya chakula. Biriani ilikuwa nzuri, hapo sina neno. Ndugu zangu walisubiri hadi laasiri, kisha wakazika. Siwalaumu, maiti hacheleweshwi. Mimi sikumzika mama. Begi nililipata siku zilizofuata, na mshahara wa siku nilizozidisha ulikatwa. Hayo yamekwisha. Sikumsalia mama, sikumtia mchanga.

Mwaka 1856 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alifia baharini, karibu na Shelisheli, akitokea Maskati kuja Unguja. Mwanawe Barghash hakukubali atoswe. Maiti ikaletwa, ikazikwa Unguja. Merikebu ya tanga ilimfikisha maiti kaburini kwake. Ndege yenu ya injini mbili ilishindwa kumfikisha mwana kwa mamake.

Andikeni basi kwenye tiketi, kando ya hizo saa tisa, kwamba abiria akiachwa kituoni atangoja mpaka usiku. Ratiba ni yenu, mnaijua. Na mwenye msiba apewe kiti kwenye ndege itakayotangulia, hata ikiwa ya mshindani wenu.

Wala si ninyi peke yenu. Viwanja vikubwa vya Ghuba vina marumaru na maduka ya dhahabu, na wasichana wetu wa kazi za ndani, Watanzania, Wakenya, Waganda, wanalala sakafuni humo wakisubiri ndege. Tiketi zao zilikatwa na mawakala. Hata pa kulalamikia hawapajui. Wanaotoa leseni za kuruka huwa wanakagua nini?

Pointi za safari mlizonitumia kama fidia zifuteni. Nataka jibu lenye jina na saini ya mtu, linieleze nani aliamuru mlango ule ufungwe.

Abiria wenu wa zamani,
Maskati