Chagua Maabara, Usichague Jina

Wanafunzi wenzangu, mtu akiitwa chuo kikuu kusomea kozi asiyoitaka, na roho yake iko kwa fizikia, anaruhusiwa kuomba uhamisho kupitia KUCCPS, mradi alama zake za KCSE zinatosha. Swali ni, ahamie wapi? Wengi wetu tutasema Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, maana ni mjini na jina ni kubwa. Mimi sikubali jina pekee litoshe. Egerton iko Njoro, JKUAT iko Juja, na fizikia ni ile ile. Kanuni za Newton hazibadiliki ukipita Limuru!

Kinachobadilika ni maabara. Uliza kwanza: vifaa vinatosha, ama wanafunzi 20 wanamtazama mmoja akipima? Masomo uliyokwisha kufanya yatahesabiwa, ama utaanza upya mwaka wa kwanza? Mwaka wa ziada ni karo ya ziada, na mzazi ameshauza ng'ombe.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa hili nawapinga. Anayetaka kulima fizikia na achague jembe lake vizuri, asije akavuna cheti bila ujuzi.