Setilaiti ni yetu. Je, ujuzi wake?

Makampuni makubwa ya kuunda ndege na silaha yana desturi moja. Kila mwaka ukiisha yanatoa orodha ya mafanikio: ndege kadhaa zimekabidhiwa wateja, roketi fulani imeruka, mkataba fulani umetiwa saini. Ukizisoma orodha hizo, swali linakuja lenyewe. Sisi nasi tukiandika ya kwetu, tungeandika nini?

Kwa Kenya, mwaka wa kujaza ukurasa ni 2023. Tarehe 15 Aprili mwaka huo, baada ya safari kuahirishwa mara kadhaa, roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX iliruka kutoka Vandenberg, California, ikiwa imebeba Taifa-1, setilaiti ya kwanza ya Kenya ya kuchunguza ardhi. Ilisanifiwa na wahandisi wa Kenya wa kampuni ya SayariLabs, wakishirikiana na EnduroSat ya Bulgaria upande wa vipuri na majaribio. Gharama yake ilitajwa kuwa shilingi milioni 50. Magazeti yalishangilia, na mimi nilishangilia.

Lakini ukitaka kupima jambo hili vizuri, usitazame Taifa-1 pekee. Tazama roketi nzima. Ndani yake mlikuwa na makumi ya setilaiti, na mojawapo ilikuwa İmece ya Uturuki, yenye kamera iliyoundwa hukohuko Uturuki na inayoona vitu vya chini ya mita moja. Waturuki nao walianza kama sisi. Mwaka 2003 walirusha BILSAT-1, iliyoundwa Surrey, Uingereza, wahandisi wao wakiwa pale wanajifunza kazi. Mwaka 2011 wakarusha RASAT, ambayo safari hii waliiunda wenyewe nyumbani. Kisha ikaja İmece. Ni miaka 20 ya kazi moja inayoendelea, huku waliojifunza jana wakiwafundisha wa leo.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likawaudhi wengine. Tuliambiwa Taifa-1 itatupatia picha za kusaidia kilimo na usalama wa chakula, na ni kweli mwaka ule nchi ilikuwa imechapwa na ukame mbaya. Lakini ndugu msomaji, picha tunazo tayari, tena bure! Setilaiti za Landsat za Marekani zinatoa picha bila malipo tangu 2008. Sentinel-2 za Ulaya hupita juu ya mashamba ya mahindi na tumbaku hapa Kuria takriban kila siku tano, zikionyesha hadi mita 10. Mtu mwenye kompyuta na intaneti hapa Kehancha anaweza kuzipakua leo jioni.

Basi kama picha ni za bure, milioni 50 zilinunua nini? Kwa maoni yangu zilinunua shule, na hiyo ndiyo faida yenyewe. Kuandika programu ya setilaiti si kama kuandika programu ya duka. Duka likikwama, unampigia fundi simu. Setilaiti ikikwama, hakuna wa kwenda kuigusa. Inazunguka dunia kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na inapopita juu ya kituo chako unapata dakika chache tu za kuzungumza nayo. Ukituma rekebisho lenye kosa, huenda isikujibu tena. Aliyepitia hayo ana ujuzi ambao haupatikani kwenye kitabu.

Ujuzi huo hukaa kichwani mwa watu. Setilaiti ndogo za aina hii huishi miaka michache tu, kisha huanguka na kuungua angani. Wale waliozitengeneza wakikosa kazi ya pili, watakwenda kuandika programu za benki, au watapanda ndege. Hapo tutaanza upya, tena kwa gharama ileile.

Hofu hii si ya kubuni. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku yetu ya uhuru iliitwa Uhuru, jina la Kiswahili. Ilikuwa ya kwanza duniani kwa ajili ya unajimu wa eksirei, na mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel. Sisi tulibaki na jina. Setilaiti ya kwanza ya Kenya yenyewe, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilikuja kuachiliwa angani mwaka 2018. Hiyo ni miaka 48 baadaye!

Fedha si kisingizio. Mwaka 2021 serikali ilifungua kiwanda cha bunduki kule Ruiru kilichogharimu takriban shilingi bilioni 4. Hiyo ni sawa na Taifa-1 themanini. Sisemi nchi isiwe na bunduki. Nasema anayeweza kulipia moja, anaweza kulipia nyingine.

Kwa hiyo Shirika la Anga za Juu la Kenya likitangaza mafanikio mengine, mimi nitauliza mambo matatu. Programu iliandikwa na nani, na imehifadhiwa wapi? Wahandisi wa Taifa-1 wangapi wamo katika kazi hii mpya? Na je, mwanafunzi wa Kehancha anaweza kuipata data bila kuandika barua ya maombi?

Majibu yakiwa mazuri, tutashangilia tena. Yakiwa mabaya, tujue tumenunua picha ambazo jirani anazigawa bure.

Wewe waonaje?