Kamera nizime, sawa. Lakini simu?

Wasee, leo nakiri makosa kwanza, halafu ndio nilalamike.

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya uhamiaji, mpaka mmoja wetu na jirani. Ukutani kuna bango: picha ya simu imepigwa mstari mwekundu. Nikaliona. Bado nikatoa simu nikaanza kurekodi, si kila mtu huposti safari yake? Kabla hata dakika iishe, afisa akaniita.

"Kijana, hujaona hilo bango?"

"Nimeliona, mkubwa. Pole."

"Futa."

Nilitaka kubishana. Lakini kabla ya kufuta nikaitazama ile vidio. Mimi niko mbele nacheka. Nyuma yangu kuna mama amegeuza uso, anamfunika mtoto kwa leso. Kwa kaunta, pasipoti ya mtu iko wazi kabisa. Sijui yule mama alikuwa anakimbia nini, au kama anakimbia. Labda hakutaka tu kuwa kwa vidio ya mtu. Ningeposti, kila anayenifuata angejua amevukia wapi na siku gani. Nikafuta. Hapo bango lilikuwa sawa, mimi ndio nilikosea.

Lakini kurekodi ni kitu kimoja na kutumia simu ni kingine. Tangu Januari 2024, wageni wengi wanaokuja Kenya hawaombi viza tena, wanaomba idhini mtandaoni na majibu yanakuja kwa barua pepe. Tiketi iko kwa simu. Anwani ya unakolala iko kwa simu. Mbele yangu mzee mmoja aliambiwa azime yake. Akazima. Kufika kaunta: "Barua ya mwaliko iko wapi?" Iko kwa WhatsApp! Tukangoja simu yake iwake, foleni nzima ikimnunia kana kwamba bango aliliandika yeye.

Halafu kuna hii, na ndiyo inaniuma. Nilipofuta, afisa alinyoosha mkono: "Leta nione." Akahakikisha vidio imeenda, sawa. Lakini kidole hakikusimama. Akapita picha za bathdei ya dada yangu, akafika za mama akiwa amelazwa hospitalini. Nilisimama tu pale kama mtoto wa shule.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinatupa haki ya faragha. Haki hiyo ina mipaka, lakini anayeipunguza lazima awe na sheria nyuma yake. Hata Marekani, ambako maafisa wa mpakani wanaweza kupekua simu bila kibali cha hakimu, idara yao imeandika utaratibu na kuuweka wazi watu wausome. Unaweza kuupinga, kwa sababu angalau unaujua. Mimi nilikuwa naupinga nini? Kidole?

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Bango liseme wazi: usipige picha, usirekodi, usiongee kwa simu ukiwa kaunta, ila hati zako unaweza kuonyesha kwa skrini. Na anayetaka kufungua simu yangu aniambie kwanza ni kwa sheria gani na anatafuta nini.

Na sisi nasi? Chapisha hati zako kabla utoke nyumbani. Ukiitwa, uliza kwa heshima, usipandishe sauti. Na vidio ya safari ianzie nje ya geti. Yule mama hakuja pale kuwa kontenti yako. Wala yangu.